Una hela ya gemu moja tu: Resident Evil 4, Silent Hill 2, Metal Gear Solid Delta au San Andreas mpya?

Wakuu habari za baridi. Kuna swali linajirudia sana kwa vijana wa Mbeya, kuanzia Mwanjelwa na Kabwe mpaka wanachuo wa MUST kule Iyunga. Mtu amekusanya hela ya gemu moja tu, amechoka na mpira, anataka gemu ya stori ya kukaa nayo, sasa akiangalia zinazosifiwa anakuta nyingi ni za zamani zimetengenezwa upya, alafu kila mkosoaji anasema lake. Huyu anasema kazi bora, yule anasema wameharibu, wa tatu anasema nzuri ila haikuwa na sababu ya kutoka.

Nimechukua nne ambazo watu wanaziulizia zaidi nikaziweka pamoja. Na kabla sijaenda mbali niseme ninachokiamini kwenye suala zima la rivyu: namba ya mkosoaji haikusaidii sana wewe wa Uyole au Mafinga, kinachokusaidia ni lalamiko lake. Namba inakwambia yeye alifurahi kiasi gani, ila lalamiko linakwambia nini kilimkera, na hapo unaweza kujiuliza hicho kitu kitanikera na mimi? Maana mkosoaji wa Marekani au Uingereza mara nyingi ameshaicheza ile ya zamani, ana mashine ya kisasa, intaneti yake ya waya haiishi, na gemu yenyewe kapewa kabla haijatoka. Anaweza kuwa mkweli kabisa na bado maneno yake yasikuhusu. Au anapita haraka kwenye kitu kidogo kwake ambacho kwako ndio kitaamua kama hela imeenda vizuri au imepotea.

Vigezo nilivyotumia

Cha kwanza ni imetengenezwaje. Kuna kupaka rangi nyumba ya zamani na kuna kuibomoa ukaijenga upya juu ya msingi ule ule, na hizi gemu nne zote zipo mahali fulani kati ya hapo. Ukijua iko wapi utajua utegemee nini.

Cha pili, wakosoaji wanasemaje na lalamiko lao kubwa ni lipi.

Cha tatu ni mashine, bando na umeme. Hiki rivyu za nje hazikigusi kabisa, na huku kwetu ndio cha kwanza kwa watu wengi. Gemu inaingia kwenye PS4 au inataka PS5? Laptop inahitaji kadi gani ya grafiksi? Ni gigabaiti ngapi za kushusha? Na umeme ukikatika usiku wa mvua unapoteza dakika tano au saa nzima?

Cha mwisho inamfaa nani, na hapo naangalia pia kama inachezeka kwa kupokezana padi, maana huku watu wengi hawachezi peke yao, wapo watatu wanne kwenye chumba kimoja.

Niweke wazi pia kwamba hakuna hata moja kati ya hizi yenye maandishi ya Kiswahili, kwa hiyo kiasi cha Kiingereza unachotakiwa kusoma ili uelewe stori nacho nimekiangalia.

Resident Evil 4 (2023)

*Imetengenezwaje.* Ya kwanza ilitoka Januari 2005 kwenye mashine ya GameCube ikiongozwa na Shinji Mikami, na ile kamera yake ya kukaa nyuma ya bega ilikuja kuigwa na gemu za risasi nyingi tu mpaka leo. Mpya Capcom waliitoa tarehe 24 Machi 2023. Hii imebomolewa ikajengwa upya kwa akili sana. Stori ni ile ile, Leon Kennedy anatumwa kwenye kijiji cha Hispania kumtafuta Ashley, binti wa rais wa Marekani, anafika anakuta wanakijiji sio wale wa kukukaribisha ndani. Ila uchezaji umebadilika, zamani ilibidi Leon asimame ndio alenge, sasa anatembea huku analenga, na kisu chake kinaweza kuzuia shoka au hata msumeno ukibonyeza kwa wakati, lakini kinachakaa, inabidi ukakitengeneze kwa yule muuza silaha, kwa hiyo kila ukikitumia unafikiria mara mbili. Ashley zamani alikuwa na afya yake ya kuilinda na alikuwa mzigo kweli, sasa hivi akipigwa anaanguka unamwinua mnaendelea. Na zile sehemu za kubonyeza kitufe ghafla katikati ya video wamezitoa karibu zote.

*Wakosoaji wanasemaje.* Wengi waliipa juu ya 90 kati ya 100 na kwa kweli hakuna ubishi mkubwa kuhusu uchezaji. Malalamiko yaliyokuwepo ni ya aina mbili. La kwanza ni la wazee wa gemu, kwamba baadhi ya vipande vya zamani vimeondolewa na ule utani wa Leon umepunguzwa kwa kuwa gemu imekuwa na giza zaidi. Kama hujawahi kucheza ya 2005 hilo halitakugusa hata kidogo, huwezi kukosa usichokijua. Na baadhi ya vipande hivyo vilirudi Septemba 2023 kwenye Separate Ways, nyongeza unayocheza kama Ada Wong, mhusika mwingine wa stori hiyo, ambayo inauzwa kando.

La pili mimi nalichukulia kwa uzito zaidi, na utaliona kwa shida kwenye rivyu za mwanzo. Wiki chache baada ya gemu kutoka, rivyu zikiwa zimeshaandikwa na watu wameshanunua, Capcom wakaweka tiketi za kuboresha silaha ambazo unazinunua kwa hela halisi. Gemu inaisha vizuri kabisa bila kununua tiketi hata moja, hilo usihofu. Lakini kuweka duka baada ya mtihani kusahihishwa sio haki kwa mnunuzi na wakosoaji walitakiwa wapige kelele zaidi ya walivyopiga.

*Mashine, bando na umeme.* Hapa ndipo inapowashinda mbili zinazofuata kwa mtu wa kipato cha kawaida. Inaingia PS4, PS5, Xbox Series na kompyuta, Xbox One ndio haimo. Kwenye PS4 ya kawaida picha haziwi kali kama za PS5 lakini inachezeka mwanzo mwisho. Kwenye kompyuta kiwango cha chini ni kadi kama GTX 1050 Ti na ramu ya 8, yani laptop ya gemu ya mtumba ya miaka kadhaa iliyopita inaweza kuibeba ukipunguza mipangilio. Alafu kuna demo ya bure, Chainsaw Demo, haina kikomo cha muda, ishushe hiyo kwanza uone mashine yako inavyopumua kabla hujatoa hela. Umeme ukikatika inajihifadhi yenyewe mara kwa mara na kuna zile taipureta za kuhifadhi kwa mkono, ila ukicheza kiwango cha juu kabisa cha Professional kujihifadhi kunazimwa, kwa hiyo kwa huku kwetu hicho subiri kiangazi.

*Inamfaa nani.* Mtu anayependa kukimbizwa na kupiga, asiyetaka kusoma sana. Kiingereza chake sio kingi na lengo linaonekana kwa macho. Kwa kupokezana padi ni nzuri mno kwa sababu ya The Mercenaries, ambayo waliiongeza bure Aprili 2023, unapewa dakika chache uue wengi uwezavyo upate pointi, ukimaliza unampa mwenzako. Chumba kizima kinachangamka.

Silent Hill 2 (2024)

*Imetengenezwaje.* Ya 2001 ilitengenezwa na timu ya Konami Japani, mpya imetengenezwa na Bloober Team wa Poland ikatoka tarehe 8 Oktoba 2024. James Sunderland anapokea barua kutoka kwa mke wake Mary ambaye alishafariki, barua inamwita kwenye mji wa Silent Hill, anaenda. Stori ni hiyo na sitaongeza neno maana ukiharibiwa mwisho wa hii gemu umeharibiwa kila kitu, na nakuomba usiingie YouTube kuitafuta kabla hujacheza. Kamera ya zamani ilikuwa inakaa mbali na kukata pembe, sasa imekuja begani. Majengo yameongezwa vyumba, mafumbo yamepangwa upya, na gemu ambayo zamani uliweza kuimaliza kwa saa 8 hivi sasa inakwenda karibu mara mbili yake. Akira Yamaoka aliyetunga muziki wa kwanza amerudi kuufanya huu, na hilo limeokoa mengi.

*Wakosoaji wanasemaje.* Kabla haijatoka watu waliikatia tamaa kabisa, video za matangazo zilichekwa, Bloober wakasemwa kwamba hawawezi. Ikatoka, wastani ukasimama kwenye 86 na wale wale wakageuza maneno. Nalisema hili kwa sababu linaonyesha maoni ya kabla ya gemu kutoka yana thamani ndogo kiasi gani.

Lalamiko lao kubwa ni urefu, kwamba kufikia sehemu za mwisho mapigano yanajirudia, adui ni wale wale, unafungua milango mingi, unachoka. Mimi nakubaliana nalo nusu. Ni kweli pale gerezani inavuta. Lakini mkosoaji anayetakiwa kuimaliza ndani ya siku chache ili aandike anachoka haraka kuliko mtu anayecheza saa moja usiku akitoka kazini, na hii gemu ukiicheza kidogo kidogo ule uzito wake unafanya kazi inavyotakiwa. James anatakiwa achoke na wewe uchoke naye. Sema kama wewe ni wa kushindilia gemu wikiendi nzima basi lalamiko ni lako, lichukue kama lilivyo.

Kitu ambacho karibu wote walikubaliana ni sauti. Ile redio inayokwaruza adui akiwa karibu, hatua kwenye sakafu ya mbao, ukimya wa ukungu. Hapa bila hedifoni umecheza nusu gemu.

*Mashine, bando na umeme.* PS4 haimo. PS5 na kompyuta, Xbox Series ikaja kupata baadaye mwaka 2025. Kompyuta inataka nguvu, kiwango cha chini ni GTX 1070 Ti na ramu ya 16, na hata wenye kadi kubwa walilalamika picha kukwamakwama unapotembea mjini, kwa hiyo mwenye laptop ya kuunga unga asijaribu. Kwa nafasi andaa gigabaiti 50 na ushee. Kuhifadhi kupo kwa kutosha, kuna zile karatasi nyekundu ukutani na yenyewe inajihifadhi njiani.

*Inamfaa nani.* Mtu mzima anayetaka hadithi ya huzuni na majuto, mwenye subira, anayecheza peke yake usiku. Sio ya kupokezana padi. Mkiwa wanne chumbani mmoja anaongea, mwingine anacheka, hofu imekwisha na hakuna kilichobaki maana mapigano yake sio ndio utamu wenyewe. Na ina mambo mazito ya kifo na maradhi, kama umefiwa karibuni jipe muda.

Metal Gear Solid Delta: Snake Eater (2025)

*Imetengenezwaje.* Hii ndio iliyowagawa wakosoaji kwa namna ya kuvutia zaidi kati ya zote nne. Ya kwanza ni Metal Gear Solid 3 ya mwaka 2004, kazi ya Hideo Kojima, ambaye baadaye aliondoka Konami na kwenye hii mpya hakuhusika. Ilitoka tarehe 28 Agosti 2025, Konami wakishirikiana na Virtuos. Walichofanya ni kuweka picha mpya kabisa, msitu unang'aa, jasho, matope na majani vinaonekana kimoja kimoja, juu ya gemu ambayo ndani haijaguswa. Ramani ni zile zile, bado ukivuka eneo moja kwenda lingine skrini inaingia giza kidogo ndio inafunguka, askari wamesimama pale pale, na sauti za waigizaji ni zile zile zilizorekodiwa zamani. Kilichoongezwa ni udhibiti wa kisasa, unalenga na kutembea kwa kuinama kama gemu za sasa, na ukitaka ule wa zamani nao umewekwa. Pia majeraha ya Snake, mhusika mkuu, yanabaki mwilini kama makovu mpaka mwisho.

Kama hujui stori, ni 1964, vita baridi, Naked Snake anaingizwa peke yake kwenye msitu wa Kisovieti, na anayekabiliana naye ni The Boss, mwanamke aliyemfundisha kila kitu. Huko msituni unawinda nyoka na vyura ule, ukivunjika mfupa unajitibu mwenyewe, unabadili nguo na rangi ya uso ufanane na majani. Kuna adui mmoja mzee sana, The End, mdunguaji, ambaye ukihifadhi gemu katikati ya pambano ukarudi baada ya wiki unakuta ameshakufa kwa uzee. Kitu hicho kilikuwepo 2004 na bado kipo.

*Wakosoaji wanasemaje.* Wastani ni katikati ya 80 lakini soma kwa makini wanachosema. Kundi moja linasema wamefanya vizuri kuheshimu kazi ya mwenye kazi. Kundi lingine linasema heshima imezidi mpaka hakuna wazo jipya, na kama ulishaicheza unalipia picha tu. Hoja ya kundi la pili ina nguvu, ila angalia inamhusu nani. Inamhusu aliyeicheza PS2. Kijana wa miaka 19 aliyezaliwa gemu ya kwanza ikiwa imeshatoka hajapungukiwa na chochote hapa, kwake ni gemu mpya na ni moja ya stori bora zilizowahi kuandikwa kwenye gemu za kijasusi. Kwa hiyo gemu ile ile na lalamiko lile lile, kwa kaka mkubwa ni sababu ya kuacha na kwa mdogo wake halina uzito.

Lalamiko ambalo linawahusu wote wawili ni kwamba kwenye PS5 kasi ya picha inashuka sehemu zenye vurugu, na vipande vya mazungumzo ni virefu, virefu kweli. Mazungumzo ya redioni peke yake yanaweza kuchukua dakika nyingi umekaa unasoma Kiingereza. Hili la pili halijatajwa sana na wenzetu wa nje kwa kuwa ni lugha yao.

*Mashine, bando na umeme.* PS5, Xbox Series na kompyuta yenye nguvu tu, PS4 haimo. Nafasi inaomba karibu gigabaiti 100 na hapo ndipo bando la kawaida linapokufa, hii bora utafute diski au ushushe kwa rafiki mwenye intaneti isiyo na kikomo. Kwenye Steam, lile duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, unaweza kunakili folda ya gemu kutoka kompyuta ya rafiki hadi diski ya nje ukaileta kwako, alafu akaunti yako uliyonunulia ikamalizia kidogo kilichobaki. Watu wengi hawajui hili na linaokoa hela nyingi. Ila na rafiki mwenyewe awe ameinunua. Umeme sio shida, ukivuka eneo inajihifadhi.

*Inamfaa nani.* Anayependa kujificha, kupanga, kufikiria, na Kiingereza chake kinamtosha. Mwenye papara ataiona ngumu. Kwa kupokezana ipo Snake vs. Monkey, michezo mifupi ya kukamata nyani kwa muda, imewekwa kwenye PS5 na kompyuta, inafaa wageni wakija ila haiwezi kuwa sababu ya kununua.

Grand Theft Auto: San Andreas – The Definitive Edition (2021)

*Imetengenezwaje.* Hii ni rangi juu ya nyumba ya zamani, na rangi yenyewe ilipakwa vibaya. San Andreas ya 2004 huku kwetu haihitaji utambulisho, vijana wengi wa leo wenye familia zao walimjua CJ, mhusika wake mkuu, kwenye mabanda ya PS2 wakilipia kwa dakika. Rockstar, wenye gemu, waliwapa Grove Street Games kazi ya kuiboresha pamoja na GTA III na Vice City, zikatoka pamoja tarehe 11 Novemba 2021.

*Wakosoaji wanasemaje.* Kwa mara moja wakosoaji na wachezaji walikuwa upande mmoja. Alama za wakosoaji zilikuwa kwenye 50 na kitu, za wachezaji kwenye Metacritic, tovuti inayokusanya alama za rivyu, zilishuka chini ya 1 kati ya 10. Sura za watu zilivimba kama vinyago, mvua ilikuwa michirizi myeupe inayokuziba macho, maandishi kwenye mabango ya maduka yaliharibika kwa sababu picha za zamani zilikuzwa na programu bila mtu kukagua, na nyimbo kadhaa za redioni hazikurudi kwa ajili ya leseni. Ukungu wa zamani uliondolewa na ramani nzima ikaonekana kwa mara moja, kumbe ule ukungu ndio uliokuwa unakufanya uamini miji ya Los Santos na San Fierro iko mbali na mwenzake. Rockstar waliomba radhi hadharani ndani ya mwezi huo huo.

Sasa hapa ndipo lile la kuangalia lalamiko na sio namba linapokuja na tarehe yake. Rivyu za Novemba 2021 bado ndizo zinazokuja juu ukitafuta, lakini Novemba 2024 lilitoka apdeti kubwa lililorudisha mwanga wa zamani, anga lile la rangi ya machungwa la Los Santos, na marekebisho mengine mengi ambayo yalikuwa yameshafanyika kwenye toleo la simu la Desemba 2023. Leo inachezeka vizuri. Haijawa kazi ya kujivunia, sura bado sio nzuri, lakini atakayekwambia ni takataka kwa kusoma rivyu za wiki ya kwanza anakupa habari ya zamani.

Na yapo mazuri ambayo hata mwaka ule yalikuwa kweli: kulenga kumekuwa kwa kisasa, kuna njia inayochorwa kwenye ramani, na ukishindwa misheni unairudia hapo hapo badala ya kuendesha tena kutoka hospitali. Yule aliyeteseka na misheni ya treni anajua thamani yake.

*Mashine, bando na umeme.* Nyepesi kuliko zote. PS4, Xbox One, PS5, Switch, kompyuta ya kawaida yenye kadi ya wastani, na simu. Gemu zote tatu kwenye kompyuta zinaomba gigabaiti 45. Inajihifadhi ukimaliza misheni. Angalizo moja kwa anayenunua diski ya mtumba: yale marekebisho hayamo kwenye diski, usipounganisha intaneti ukashusha apdeti utakuwa unacheza ile ile iliyotukanwa.

*Inamfaa nani.* Mwenye kumbukumbu nayo, na chumba chenye watu wengi. Misheni moja moja mnapokezana, asiyejua Kiingereza anaendesha gari tu na anafurahi.

Kulingana na hali yako

Una PS4 na huna mpango wa kubadilisha mwaka huu: zimebaki mbili tu, Resident Evil 4 na San Andreas. Kama una hela ya moja na hujawahi kucheza yoyote chukua Resident Evil 4, kwa kupokea kitu kizima kwa hela yako haina mpinzani kwenye mashine hiyo. San Andreas isubiri punguzo, huwa inapunguzwa.

Una PS5 na unacheza peke yako: hapo ni wewe na moyo wako. Ukitaka kuhuzunika na kufikiri, Silent Hill 2. Ukitaka ujasusi na stori ndefu na una Kiingereza, Metal Gear Solid Delta, hasa kama hukucheza ya zamani. Kama uliicheza na bado unaikumbuka vizuri, pesa hiyo ipeleke kwingine.

Unataka Snake Eater ila una PS4 tu: ile ya 2004 yenyewe imo kwenye Metal Gear Solid: Master Collection Vol. 1 iliyotoka Oktoba 2023, na inaingia PS4. Kwa kuwa Delta haikubadilisha stori wala ramani, utakuwa hujapitwa na kitu zaidi ya picha na udhibiti.

Unaendesha banda la gemu na unataka kitu cha kuchanganya na mpira: San Andreas na The Mercenaries ya Resident Evil 4, mizunguko mifupi, watu wanabadilishana. Lakini kaka na dada wenye mabanda, hizi gemu zote nne ni za watu wazima, Resident Evil 4 ina vichwa kukatwa na Silent Hill 2 ina mambo ambayo mtoto hatakiwi kuyaona. Wakiingia wa shule ya msingi wawashie mpira.

Unatumia laptop ya chuo isiyo na kadi ya grafiksi: hakuna gemu iliyotengenezwa upya hapa itakayokuheshimu, hata San Andreas mpya itakutesa. Resident Evil 4 ya zamani ipo Steam tangu 2014 kwa toleo la picha safi, nyepesi, na bado ni gemu kali sana.

Unanunua gemu za PlayStation kwa mtandao: watu wengi huku wanatumia akaunti ya Afrika Kusini au Marekani, hakikisha kadi ya zawadi unayonunua ni ya nchi ile ile ya akaunti yako, la sivyo haitaingia. Na kwa wa Steam, malipo ni kwa dola, kadi ya mtandaoni ya kwenye simu inakubali mara nyingi, alafu ukiona gemu inakwama kwenye kompyuta yako unaweza kuirudisha upewe hela kama hujavuka saa 2 za kucheza na siku 14 tangu ununue. Kwa hiyo siku ya kwanza usikae kwenye menyu wala kutazama video za mwanzo, ingia moja kwa moja sehemu yenye vurugu ujue mashine inaweza au haiwezi wakati muda bado upo.